Mikumi hadi Ruaha, au Manyara hadi Serengeti? Ulinganisho kwa anayetoka Dar na gari lake

Likizo ya Juni au ya Desemba ikikaribia, mjadala ndani ya nyumba nyingi za Dar ni mmoja: safari hii twende kuona wanyama, lakini wapi? Njia zote mbili zinaanza na adha ileile ya foleni ya Kimara hadi Kibaha, halafu zinaachana Chalinze. Ukinyoosha, unakwenda Morogoro, Mikumi, Iringa na Ruaha. Ukikata kulia, unakwenda Segera, Moshi, Arusha, na kutoka hapo Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyetaka maneno mengi aishie hapa. Mwenye siku nne au tano na gari la kawaida la familia aende kusini. Mwenye wiki nzima au zaidi, na yuko tayari kuliegesha gari lake Arusha akodi Land Cruiser yenye dereva, aende kaskazini. Watu wengi hufanya kinyume kwa sababu jina la Serengeti ni kubwa, kisha likizo inaishia kwenye usukani.

Kilomita

Kutoka Dar hadi hifadhi ya Mikumi ni kama kilomita 300. Iringa mjini ni kama 500. Kutoka Iringa hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi ya Ruaha, ongeza kama 130. Jumla ni kilomita 630 hivi. Sasa pima upande wa pili: Dar hadi Arusha mjini kupitia Segera, Korogwe, Same na Moshi, nako ni kilomita 630 hivi.

Kwa hiyo kwa mwendo uleule, aliyekwenda kusini ameshaona tembo wa Mikumi, ameshapanda mlima wa Kitonga, amelala Iringa na sasa yuko kando ya Mto Ruaha. Wa kaskazini ndiyo kwanza anatafuta pa kuegesha Arusha. Bado ana kama kilomita 120 kufika Tarangire, na zaidi ya 300 kufika Seronera katikati ya Serengeti. Na hizo za mwisho, baada ya Loduare, lango la kuingia Ngorongoro, si za lami. Ni changarawe yenye vijimawimbi vigumu vinavyotikisa gari mpaka skrubu za dashibodi zinalegea.

Kuna namna ya kuipunguzia njia ya kaskazini ukali wake: hifadhi ya Mkomazi, iliyo jirani kabisa na mji wa Same. Ni hifadhi ya taifa tangu 2008, haina msongamano, na ina eneo maalumu linalotunza faru weusi. Ukilala Same, safari ya Arusha inakatika vipande viwili vinavyovumilika na watoto wanakuwa wameona kitu. Ajabu ni kwamba watu wanapita hapo kila siku kwa mwendo wa basi na hawageuzi hata shingo.

Kama unatokea Moshi, au Nairobi kupitia Namanga, sahau hesabu yote hii. Kwako kaskazini ni mlangoni.

Barabara yenyewe kama sehemu ya safari

Hapa ndipo kusini kunashinda kwa mbali, na sioni kama kuna mtu aliyepita njia zote mbili atakayebisha sana.

Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Hujalipa kiingilio, hujafungua hata kioo, na tayari unaona swala pala wametulia kando ya lami, twiga wanavuka wawili wawili, na nyani wamekaa kwenye ukingo wakikagua magari kama trafiki. Mwendo unaoruhusiwa humo ni kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku, na faini za kugonga mnyama si za mzaha. Usiku usipite kama huna lazima. Tembo mweusi juu ya lami nyeusi haonekani mpaka umeshamfikia, na malori ya mizigo ya Kongo na Zambia hayasimami kwa urahisi.

Baada ya mji wa Mikumi milima inaanza kukubana, kisha unashuka Ruaha Mbuyuni. Jina linajieleza: mibuyu imejaa bondeni na kupanda miteremko pande zote, minene, mingine imeinama. Kando ya barabara kuna vitunguu vimefungwa kwenye nyavu nyekundu, na wauzaji watakufuata hadi dirishani. Nunua ukirudi, si ukienda. Vitunguu ndani ya gari lililofungwa vioo kwa siku nne ni adhabu.

Halafu Kitonga. Ukitoka Dar unaupanda mlima huu, na hiyo ni bahati yako. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mwamba na mwingine korongo. Malori yanapanda kwa gia ya kwanza, polepole kuliko mtu anayetembea. Yanayoshuka yanakuja na harufu ya breki zilizoungua, unaisikia hata vioo vikiwa juu. Lori moja likizima kwenye kona, foleni inaweza kukaa saa nyingi. Hivyo pita asubuhi au mapema mchana, beba maji na chakula, na usijaribu kuovateki hata kama basi la mbele yako limefanya hivyo. Ukirudi, shuka kwa gia ndogo. Breki zako usizitegemee peke yake. Mwenye gari la otomatiki ajue mapema jinsi ya kuishikilia gia ya chini, asisubiri kusoma kitabu cha gari pale kilimani.

Juu ya Kitonga hewa inabadilika. Ilula kuna nyanya kwa matenga. Mbele kidogo ni Lugalo, ambako mwaka 1891 jeshi la Mtwa Mkwawa liliushinda msafara wa Wajerumani ulioongozwa na Zelewski. Iringa mjini, kwenye urefu wa kama mita 1,600, jioni utataka sweta. Hata kama wanyama wasingekuwepo, mji huu ungetosha kwa siku nzima. Isimila, umbali mfupi kwa barabara ya Mbeya, ina zana za mawe za kale zimelala wazi juu ya udongo na nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, ndefu kuliko nyumba. Kalenga kuna makumbusho yenye fuvu la Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954.

Njia ya kaskazini nayo ina uzuri wake: Usambara ukipita Mombo, mashamba ya mkonge, Milima ya Upare ikikusindikiza upande wa kulia kwa saa nzima, na Kilimanjaro ikiamua kujifunua. Ila ni uzuri wa kutazama kwa mbali huku ukihesabu vibao vya 50. Vijiji ni vingi, matuta hayaishi, na trafiki wenye tochi wanajua mahali unapojisahau. Anayetaka kuikwepa foleni ya Kibaha na Chalinze apitie Bagamoyo, atokee Msata. Mandhari ya kaskazini yanaanza kukushika koo baada ya Makuyuni, pale Mto wa Mbu, unapopanda ukuta wa Bonde la Ufa na Ziwa Manyara linabaki chini yako limetandazwa. Hapo hata dereva aliyechoka anasimama.

Wanyama: wingi upande mmoja, nafasi upande mwingine

Tuseme ukweli bila kuionea haya kusini. Kama mtu ameniambia anataka kuona faru, nyumbu wasiohesabika na simba kabla ya chakula cha mchana, nitamwelekeza kaskazini. Kreta ya Ngorongoro ina sakafu ya takriban kilomita za mraba 260, imezungukwa na kuta za mita kama 600, na ndani yake wanyama wapo karibu mwaka mzima kwa sababu maji na malisho viko palepale. Ni mahali pazuri sana nchini pa kumwona faru mweusi. Twiga hutamkuta humo chini. Waambie watoto mapema wasije wakasusa. Serengeti nayo, kilomita za mraba 14,763, ina msafara wa nyumbu zaidi ya milioni moja, na hakuna kitu kusini kinachofanana nao.

Lakini kreta ina jambo moja ambalo picha hazionyeshi: magari. Simba akilala kando ya njia msimu wa wageni, yanamzunguka magari kumi, ishirini, redio za madereva zinalia, kila mtu anataka nafasi ya mbele. Wengine hawajali. Mimi inanikera, na naona simba mwenyewe pia.

Ruaha ni kinyume chake. Unaweza kuendesha asubuhi nzima ukutane na magari mawili. Ni hifadhi kubwa, ina simba wengi, mbwa mwitu kwa mwenye bahati, na wanyama ambao kaskazini watu huwasikia tu: tandala mkubwa mwenye pembe za kujisokota, palahala, na korongo (swala mkubwa, si ndege). Kinachokaa kichwani zaidi ni tembo kwenye mito ya mchanga wakati wa kiangazi, kama Mwagusi. Mto unaonekana umekufa, mchanga mtupu. Tembo jike anafika, anaukwangua mchanga kwa mguu wa mbele, anachimba kwa mkonga, anatupa pembeni mchanga wenye tope, anangoja. Maji yanachuruzika taratibu kwenye shimo. Anakunywa, ndama anasukumiza kichwa chini ya tumbo apate zamu yake, na nyuma yao ngiri na nyani wamejipanga wakisubiri wakubwa waondoke. Zima injini na ukae. Nusu saa hapo ina thamani kuliko kuzunguka kutafuta chui.

Mto Ruaha Mkuu wenyewe una habari ya kusikitisha: tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi, hasa kwa sababu maji yanachukuliwa juu huko Usangu kwa kilimo cha umwagiliaji. Viboko wanabanana kwenye madimbwi yaliyobaki, na mamba pamoja nao.

Mikumi iko katikati ya kreta na Ruaha. Uwanda wa Mkata ni wazi, nyasi fupi ukiingia kiangazi, hivyo hata dereva asiye na mwongozaji anaona pundamilia, nyumbu, nyati na tembo bila kuhangaika. Bwawa la viboko liko karibu na lango. Kwa watoto wa shule ya msingi, naona Mikumi inatosha kabisa, na sioni sababu ya kuwabeba saa kumi na nne kwenda kuona pundamilia walewale.

Tarangire ndiyo mshindani halisi wa Ruaha: mibuyu, mto, na makundi makubwa ya tembo kuanzia Julai hadi Oktoba. Asiyeweza kufika Ruaha lakini yuko Arusha, hapo ndipo pa kwenda kwanza, hata kabla ya Manyara. Manyara ni ndogo, inapendeza kwa msitu wake wa maji ya chini ya ardhi, nyani, na flamingo ziwani maji yakiwa yanafaa. Simba wake wanaopanda miti wana sifa kuliko wanavyoonekana.

Mbung'o wapo Tarangire na wapo Ruaha na Mikumi. Acha nguo za bluu iliyokoza na nyeusi nyumbani, zinawavuta.

Gari gani?

Mikumi wakati wa kiangazi utakuta RAV4, Noah, hata magari madogo kwenye njia kuu za uwanda wa Mkata. Mvua zikinyesha, udongo mweusi wa pale unageuka gundi, na hapo mwenye gari la chini abaki kwenye lami. Ruaha inataka gari lililoinuka na tairi la akiba lililo zima, siyo lile lililowekwa ili buti lisionekane tupu. Kabla ya kuondoka Iringa uliza hali ya kipande cha Msembe, maana kimekuwa na ujenzi, na jaza tangi palepale mjini.

Kaskazini, Tarangire na Manyara unaweza kujaribu na gari lako kiangazi. Kreta haina mjadala, ni gari la magurudumu manne tu, na mteremko wa kushuka unaonyesha kwa nini. Serengeti kwa Harrier inawezekana kwa maana ya kwamba wapo waliofika. Ila pancha kati ya Oldupai na lango la Naabi, jua la saa nane, na hakuna kivuli cha mti, ni somo la gharama. Ndiyo maana nasema liache gari Arusha au Karatu. Gari la kukodi ni ghali ukiwa peke yako, lakini Land Cruiser la watu sita au saba likigawanywa kwa familia mbili linakaribiana na mafuta, pancha na shokapu zako ukizihesabu kwa uaminifu. Na dereva wa Arusha anajua chui wa Seronera hulala kwenye miti ipi.

Fedha

Raia wa Afrika Mashariki hulipa viingilio kwa shilingi, na kiwango ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni. Beba kitambulisho cha taifa cha kila mtu mzima. Ndugu aliyekuja kutoka Marekani au Uingereza na tayari ana pasi ya huko atahesabiwa kama mgeni, hata kama amezaliwa Temeke. Jambo hili limeharibu bajeti za familia nyingi pale getini. Langoni hawapokei fedha taslimu, malipo ni ya kielektroniki, kwa hiyo hakikisha fedha iko kwenye simu au kadi kabla mtandao haujapotea.

Tofauti kubwa ya gharama iko hapa: kusini unalipia hifadhi unayoingia, basi. Kaskazini, ili ufike Serengeti kwa njia ya Karatu ni lazima ukatize eneo la hifadhi ya Ngorongoro, ambalo lina mamlaka yake na malipo yake, hata kama hushuki kreta. Ukirudi kwa njia hiyohiyo baada ya siku mbili tatu, unalipa tena. Kushuka kreta ni malipo mengine ya gari. Wanaopiga hesabu ya Serengeti peke yake hushtuka Loduare.

Malazi yanafuata mkondo huohuo. Mikumi mjini na Iringa kuna gesti za kila bei, na ndani ya hifadhi zote mbili kuna mabanda ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ya bei ya kawaida, ila uyawahi mapema. Kaskazini lala Mto wa Mbu au Karatu, amka saa kumi na moja, uwe getini saa kumi na mbili linapofunguliwa. Kulala ukingoni mwa kreta ni kuzuri na kuna baridi kali. Bei yake imepangwa kwa ajili ya wageni.

Juni au Desemba?

Kalenda ya shule inaweza kubadilisha kila nilichosema hapo juu. Juni mvua zimekwisha, njia za kusini zinakauka, Mikumi inafunguka. Ruaha nyasi bado ni ndefu kidogo. Utamu wake kamili ni Agosti hadi Oktoba, kwa hiyo wasiofungwa na shule wangoje. Kaskazini mwezi huo nyumbu wanaelekea magharibi mwa Serengeti, na kufikia Julai hadi Septemba wako kaskazini kabisa, Mto Mara, mbali zaidi na mfuko wako.

Desemba mambo yanageuka. Kusini mvua imeanza, wanyama wa Ruaha wametawanyika kwa sababu maji yako kila mahali, na udongo mweusi wa Mkata unasubiri magari. Wakati huohuo nyumbu wanarejea kwenye nyanda za kusini mwa Serengeti, kuelekea Ndutu, ambako huzaliana kwa wingi kufikia Februari. Hiyo ni sehemu ya Serengeti iliyo karibu zaidi na Karatu. Kwa hiyo mwenye likizo ya Desemba peke yake, hata kama siku ni chache, achague kaskazini, au aende Mikumi kwa siku mbili asiahidi watoto makubwa.

Kwa asiyetaka kukaa ndani ya gari muda wote, kusini kuna Udzungwa, kama kilomita 60 kutoka mji wa Mikumi hadi Mang'ula. Ni hifadhi ya taifa tangu 1992 na haina barabara za kutalii ndani, unatembea kwa miguu na askari wa hifadhi. Maporomoko ya Sanje yanashuka kama mita 170, na njiani kuna mbega wekundu ambao hawapatikani kwingine duniani. Vijana wa sekondari waliochoshwa na kukaa kiti cha nyuma huamka hapa.

Kwa asiyetaka kuchagua

Mwenye siku kumi au zaidi, gari imara na madereva wawili anaweza kuziunganisha bila kurudi Dar katikati. Kutoka Iringa kuna lami hadi Dodoma kupitia Mtera, ambako utauziwa samaki kando ya bwawa, kisha lami tena kupitia Kondoa hadi Babati. Kondoa kuna michoro ya miambani ya Kolo, iliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2006. Inataka kupanda kilima kidogo na mwongozaji. Kutoka Babati, njia panda ya kuingia Tarangire iko kwenye barabara hiyohiyo ya Arusha.

Anza na kusini, umalizie kaskazini. Ukifanya hivyo Kitonga unaipanda tu na hutaishuka, Kreta na Serengeti unazikuta ukiwa tayari umeshajua kumsoma mnyama kichakani, na siku ya kurudi, mwili ukiwa umechoka, una lami kutoka Arusha hadi Dar, na Same pa kulala katikati.